Baba Gáspár, Gurudumu Lile Bado Tunalo

Mwaka umetimia, Baba, tangu gurudumu la nyuma livunjike pale kwenye mteremko wa kanisa, gari jipya likapinduka, nawe ukatutoka.

Baba Gáspár Halmos, fundi wa magari ya farasi hapa Győr, ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa mbao. Ubao wa mwaloni uliuacha ukauke miaka, kisha ukaugonga kwa kidole na kutega sikio. "Huu bado mbichi," unasema, "rudisheni!" Jioni ulinukia vanishi hata mezani, na supu ya Mama uliijaza pilipili mpaka tukakohoa sote. Tumekukosa, Baba.

Hakuna gari jipya lililotoka karakanani kabla hujalipanda wewe mwenyewe kulijaribu. Mji mzima ulijua. Mshirika wako Döme alijua kuliko wote.

Homa ilipokulaza, yeye ndiye aliyeunda magurudumu ya nyuma. Siku ya kulijaribu gari, eti tumbo linamkata, akabaki. Mazishini alilia kutushinda sisi wenye msiba. Halafu akaenda kunong'ona vilabuni: "Magurudumu yote yalikuwa kazi ya mzee. Mikono ilikuwa inatetemeka, maskini." Sasa wateja wanapita mlangoni kwetu kama hawatuoni.

Na kila akija, ni lile gurudumu la nyuma lililobaki. "Shemeji, nipe nikalipasue kuni, lisikutoneshe kidonda."

"Kuni katikati ya kiangazi, Döme?" Mama akamwuliza. "Baridi unaisikia wewe peke yako?"

Tukalificha darini. Juzi Mama kalishika, loo! Spoku zinachomoka mkononi kama meno ya mtoto. Döme alitumia mbao mbichi, Baba, zimekauka zikanywea. Yale ya mbele, uliyoyaunda wewe, hayatikisiki hata kidogo.

Hatumtaji mtu kuwa mwuaji. Lakini Jumapili, baada ya misa ya kukuombea, magurudumu yote matatu yatakuwa nje ya mlango wa kanisa. Kila mwenye mkono aje avute spoku mwenyewe, aone kazi yako na kazi isiyo yako.

Tunaokulilia ni mkeo Borbála, wanao Ignác na Terézia, na kaka yako Mátyás. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.

Nawe Döme, njoo mapema. Tumekuwekea nafasi ya kuvuta wa kwanza.