Nyati Hasemi

Aline, mwanangu,

Mimi mama yako, niliyeishia mwaka wa sita primaire, shule ya msingi tu, najua sheria zote za kujigeuza mnyama. Mama gani mwingine anazijua, Gisenyi nzima? Pale sokoni nawaambia: binti yangu alikuwa na kitabu kizima cha mchezo kichwani, hakufungua hata ukurasa.

Unakumbuka ile Jumamosi dawa zilikuchosha, ukajilaza kwenye mkeka, ukaniambia nikae mezani na rafiki zako nikuchezee mganga wako, yule mtu wako wa kwenye karatasi katika mchezo wenu wa kusimulia hadithi? Nilikuwa namenya viazi. Ukanieleza mganga anavyojigeuza: panya anapita chini ya mlango wa gereza, tai anamwona adui akiwa bado mbali, nyati anachomwa mikuki lakini mganga aliye ndani haumii. Nikachagua nyati, bila shaka. Mama yako si mtu wa kuwa panya.

Mara rafiki yako Olivier akasema askari wake mchezoni anainua kikombe, nami nilishajua kina sumu. Nikapiga kelele, "We Olivier, usikunywe!"

"Mama, we iko nyati. Nyati hasemi."

"Nyati ya kwetu Mudende inasema!"

"Haisemi, Mama. Fanya kama nyati."

Nikagonga meza mara mbili, chai ikamwagika, Olivier akasema askari wake anaweka kikombe chini. Mlicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kutosema ulikuwa ubaya wa kwanza wa kujigeuza; ndipo ukanipa wa pili: kila umbo lina saa zake. Zikiisha unarudi kwenye mwili wako, na kidonda ulichokiacha unakikuta palepale.

"Bon, dawa gani sasa hiyo?"

"Si dawa, Mama. Ni kupumzika tu."

Hospitalini, mrija ukiwa kooni mwako, nilikuuliza kama unanisikia. Ukagonga chuma cha kitanda mara mbili. Muuguzi hakuelewa kwa nini nacheka huku nalia.

Siku ya kuondoa kilio, tulipomaliza matanga yako, mwenye kitu cha marehemu hukitoa mbele ya watu. Olivier akasimama na karatasi ya mganga wako.

"Mama Aline, mutu wake tumufanye nini? Afe ao aende?"

"Mumugeuze tai. Apite juu ya ziwa."

"Na saa zikiisha?"

Watu wote wakaniangalia. Nataka urudi, mwanangu, Mungu anajua. Lakini ungerudi kwenye kile kidonda. Nikasema, "Asirudi." Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Olivier akaandika kwa penseli. Karatasi iko ndani ya Biblia yangu.

Asubuhi ndege wanadonoa mabati. Najua ni kunguru, tai hawatui kwetu. Hata hivyo naacha viazi, nagonga meza mara mbili. Jirani haulizi tena.

Ruka salama, mganga wangu. Usitue.

Mama yako, nyati wako