Honi ya Konani Kisinga

Jumamosi, Agosti 2017. Bwera.

Mvua ilinyesha kidogo mchana, kisha ikaacha kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Milima imefunikwa na wingu tangu asubuhi. Nimekaa ndani ya lori, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nangoja wapakuzi. Wamesema saruji haishushwi kwenye matope, tungoje pakauke. Wana haki. Nami nina simu yenye chaji, basi naandika.

Nimechoka.

Sio safari hii iliyonichosha. Ni uchovu wa Kampala, nimekuja nao huku kama mzigo ambao hakuna aliyeniandikia pa kuushusha.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba Kavira, mke wangu, alifariki mwaka jana. Sijaandika mengi juu yake. Nimeandika zaidi juu ya jam, foleni ya magari mjini. Baada ya mazishi nilimwomba tajiri, mwenye lori, anitoe kwenye njia ya Bwera aniweke kusambaza mzigo mjini. Alinitazama sana. Akasema madereva wote wanalia watolewe mjini, mimi nalia niingizwe. Sikumweleza sababu. Leo naieleza hapa.

Nyumba yetu iko Kisinga, chini kidogo ya barabara ya lami, baada ya kona yenye kalavati kubwa. Zamani, nikitokea Kikorongo na mzigo, nilipofika kwenye ile kona nilipiga honi. Fupi, fupi, ndefu. Kavira akisikia, hata kama alikuwa shambani kwenye muhogo, alikimbia uani, akachukua mwiko mkubwa, akagonga mfuniko wa sufuria vivyo hivyo. Fupi, fupi, ndefu. Maana yake nimesikia, maji yanaenda motoni. Chakula chetu ni bundu, ugali wa muhogo, na bundu haupendi kungoja mtu. Ukipoa unakuwa kama udongo wa tofali. Kwa hiyo aliusonga nikiwa naegesha, na nikimaliza kunawa, uko mezani.

Hatukuwahi kupanga jambo hilo. Lilianza tu. Simu zilipokuja tukawa nazo wote wawili, lakini hakuna aliyepiga simu kusema nimefika konani. Simu ni ya matatizo, Kavira alikuwa anasema.

Sasa mtu anaweza kufikiri kwamba niliogopa kuiona nyumba. Hapana. Nyumbani nimekuwa nikienda kwa basi, nalala, naamka, narudi. Nilichoogopa ni kupiga honi halafu kusiwe na mtu wa kujibu. Na niliogopa pia kupita bila kupiga. Dereva hawezi kuikwepa kona. Nikaikwepa njia nzima.

Mjini kuna jam, na jam ilinifaa. Ghala letu liko Nalukolongo. Napakia saruji au mabati, napeleka Kisenyi, Kibuye, Nateete. Ni mwendo ambao mtu wa miguu anaumaliza akitafuna hindi moja la kuchoma. Lori linaweza kumaliza nusu siku. Mguu wa kushoto unakufa ganzi kwenye klachi. Boda boda wanakunja kioo chako kwa mkono, wanapita, hawakirudishi. Wauzaji wanakuletea maji, tai za shingoni, dawa ya mende, ramani ya dunia. Kuna mama wa karanga pale Kibuye ambaye hunisalimu akienda na kunisalimu tena akirudi, na mimi bado niko palepale. Siku moja aliniuliza kama nimehamia.

Na honi. Kampala honi ni matusi. Ni njia ya kumwambia mwenzako kwamba hakulelewa. Zinalia mbele, nyuma, pembeni, hata kwa gari ambalo haliwezi kusogea. Watu wanalalamika juu ya kelele hiyo. Mimi niliipenda. Honi nyingi hivyo, na hakuna hata moja inayongoja jibu.

Jumatano wiki hii nilikuwa kati ya Kibuye na Clock Tower, jua kali, hakuna kinachosogea. Pembeni mtu alikuwa anachoma muhogo. Moshi uliingia ndani ya lori. Labda nilisinzia macho wazi, sijui. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye honi. Fupi, fupi, ndefu.

Halafu nikapunguza redio ili nisikie.

Ndipo nikajijua. Mwendesha boda aliyekuwa amekwama dirishani kwangu akagonga mlango. Alikuwa mtu mzima, na kwa Kiswahili chake nilikisia aliwahi kuwa jeshini.

"Afande, unaita nani? Mbele iko ukuta ya magari tu."

Nikamwambia siiti mtu.

"Basi huyo mutu hakuna, muite polepole. Tuko na usingizi."

Abiria wake akacheka, nami nikacheka nao, maana hawakuwa wabaya. Walipopata upenyo wakaenda. Nikabaki na honi za watu wengine, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie mjini hazikunifaa. Nilikuwa nimepita njia yote hii, nimekula moshi wa jiji zima, na kona ya Kisinga imenikuta Kibuye.

Jioni ileile tajiri akapiga. Alisema dereva mwenzangu Kule, anayeendesha sasa njia ya Bwera, mgongo umemshika, hawezi kukaa kwenye usukani. Nipeleke saruji Kasese na Bwera. Na kama nitaiona njia iko sawa, niichukue moja kwa moja, nimpe jibu Jumatatu. Nilijibu ndiyo kwa safari hii kabla sijafikiri, kwa sababu nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na afande wa trafiki alikuwa ananitazama.

Nilipoegesha nikapiga nyumbani. Masika, binti yetu, yuko sekondari. Anakaa na koko, bibi yake, mama wa Kavira. Koko alitoka Congo, upande wa Beni, vita vilipozidi. Alisema anakuja kupumzika kidogo kwa mtoto wake. Akaishia kumzika mtoto huyohuyo.

Nilimwambia Masika kwamba nitapita Jumamosi na lori. Hakuuliza nitaleta nini.

"Baba, utapiga honi?"

"Unataka nipige?"

Akasema, "Tangu uende Kampala, malori yote yanapita hapa kama hatupo."

Nikasikia sauti nyuma yake, na simu ikabadilisha mkono. Koko hazungumzi nami kwenye simu. Mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana, kila mmoja anakaa upande wake. Kwa hiyo nilijua ni jambo zito.

"Baba Masika, usipige," akasema. "Ile honi iko ya Kavira. Ikilia, mimi nitaenda kumutafuta jikoni."

Nikasema, "Nimesikia, mama."

Alhamisi nikatoka Kampala, Ijumaa nikashusha nusu ya mzigo Kasese. Joto la Kasese halijabadilika, linakaa juu ya mji kama mfuniko. Nikalala. Nilikuwa nimeamua: sitapiga. Mkubwa amesema, basi. Lakini hapa sina sababu ya kujificha. Nilifurahi kwamba alinikataza. Nilikuwa na mtu wa kusingizia.

Leo asubuhi nikashuka hadi Kikorongo, nikakata kulia. Njia ilikuwa tulivu mpaka ikanitia wasiwasi. Hakuna wa kukunja kioo, hakuna wa kuniuzia ramani. Lori la chumvi kutoka Katwe lilikuwa mbele yangu, dereva wake akanyoosha mkono kunisalimu nilipompita. Kampala mkono ukitoka dirishani unatoka na neno baya.

Nikaiona kalavati.

Masika alikuwa amesimama juu yake. Amevaa sweta ya mama yake, ya kijani, iliyofumuka kiwiko. Hakupunga mkono. Hata mimi hakunitazama. Alikuwa amegeuza uso upande wa nyumbani, shingo imenyooka, kama mtu anayetega sikio.

Nikapiga.

Hapa mkono haukwenda wenyewe. Niliupeleka. Fupi, fupi, ndefu. Kisha nikasogea pembeni na kuzima injini palepale kwenye mteremko, na saruji nyuma yangu, jambo ambalo hakuna dereva mwenye akili anayelifanya.

Nikasikia jogoo. Nikasikia boda ikipanda kutoka Kinyamaseke. Nikasikia injini yangu ikipoa, ile tik, tik, tik.

Mfuniko haukulia.

Masika akapanda, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Tulingoja. Baadaye akasema, "Labda hakusikia." Nikasema labda. Ile honi inasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na sote wawili tunajua.

Nikateremsha lori hadi uwanjani, tukashuka. Masika alitangulia kuingia jikoni. Mimi nilisimama mlangoni, kwa sababu jikoni kwa mama mkwe siingii. Koko alikuwa amesimama katikati. Mkono mmoja mfuniko, mkono mwingine mwiko. Hakuwa analia. Alikuwa anavitazama vile vitu kama vya kuazima.

Nikaanza kuomba radhi kwamba nimepiga. Hakunisikiliza.

"Nilitaka kujibu," akasema. "Nimekamata, nimeinua. Mukono imekataa."

Nyuma yake sufuria ilikuwa inatokota. Maji mengi, ya watu watatu, na unga umeshachungwa pembeni.

Masika akauliza, "Koko, na haya maji?"

"Maji iko kazi. Kazi mukono inajua," akasema koko, akaweka mfuniko chini, akampokonya ungo aliokuwa ameushika. "Toka hapo, peleka baba yako maji ya kunawa."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Nilikula sebuleni na Masika, koko akala jikoni, mlango wa katikati wazi. Mboga ilikuwa sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki wa Katwe. Kavira alikuwa akimaliza kusonga, analowesha kiganja na kuupiga bundu juu, kofi moja, ili ulainike. Alama ya vidole ilibaki. Nilikuwa nikianza kula upande wa kidole gumba, sijui kwa nini, na yeye alikuwa akinicheka. Leo Masika alipofunua sahani, alama ilikuwepo. Kiganja kidogo zaidi, vidole vimepinda kidogo. Miaka yote ile sikujua kwamba Kavira alifundishwa kofi lile. Nilidhani ni lake.

Nilianza upande wa kidole gumba.

Tulikuwa katikati ya kula, ndipo sauti ikatoka jikoni.

"Baba Masika, honi yako imezeeka. Zamani ilikuwa inaamusha kuku ya majirani. Leo hata mbuzi hakuinua kichwa."

"Imechoka na jam, koko," Masika akajibu na bundu mdomoni, akacheka, ikabidi apige kifua ili ushuke. Sijamsikia akicheka hivyo ndani ya nyumba ile tangu tumzike mama yake. Jikoni nako kukawa na kicheko, kifupi, kama mtu aliyejikwaa.

Nilipokuwa natoka, koko alifuata mpaka kwenye mibuni, akasimama umbali wa heshima. Akaniuliza, akitazama tairi, kama nitarudi na njia hii. Nikasema kesho, na magunia ya kahawa.

Akasema, "Basi."

Nimelifikiria hilo basi kutoka Kisinga hadi hapa. Linaweza kuwa basi la kufunga mazungumzo. Linaweza kuwa kitu kingine. Sikutaka kumuuliza.

Wapakuzi wanakuja sasa, nawaona wanavaa magunia kichwani. Masika, najua utasoma hapa kabla ya wengine wote, wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu. Usimwambie koko achukue mfuniko. Mwache. Na sweta ile mpe fundi aishone kiwiko, bado ina maisha.

Jumatatu nitamwambia tajiri kwamba natoka mjini. Uchovu sijui kama utaniacha. Mgongo ni uleule, mguu wa kushoto ni uleule, na nyumba bado ina mtu mmoja pungufu. Lakini kuchoka nikiwa naenda mahali na kuchoka nikiwa nimesimama sio kitu kimoja, na mimi nimesimama vya kutosha.

Kesho nitafika konani. Nitapiga, nitazima injini, nitatega sikio. Mfuniko usipolia, nitangoja kidogo kabla ya kuteremka. Kungoja sasa najua. Hilo moja Kampala imenifundisha.