Mguu wa Kulia wa Rateng'

Baba,

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayempanda Rateng', na nimegundua hataki kukimbia akitanguliza mguu wa kulia. Nikimzungusha kulia, anaanza mbio ndogo kwa mguu wa kushoto, miguu inapishana vibaya, na mara mbili tumekaribia kuanguka wote. Baba mdogo akatoa uamuzi: "Hiyo farasi imezeeka. Ikiendelea hivi, Jumamosi namuuzia huyo mtu wa Osiri." Farasi wako, Baba! Uliyerudi naye kutoka Nairobi baada ya miaka yote ile ya kutunza farasi wa watu.

Sikumwamini. Mwaka ule mlipofika, Rateng' alikimbia pande zote mbili, nilimwona kwa macho yangu. Na ulipolazwa, ni baba mdogo aliyekuwa akimlisha. Halafu mnunuzi akapatikana haraka hivyo? Nilikagua kwato, nikanusa majani, nikabadilisha kufuli la banda na kuficha ufunguo kwenye unga. Hata chai aliyonimiminia niliinywa kwa wasiwasi.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nilimleta polepole hadi kwenye kona ya ua, mguu wangu wa kushoto nyuma kidogo, wa kulia mahali pake, ndipo nikamwomba akimbie. Akikosea, namrudisha kwenye kutembea, bila fimbo. Siku nne. Kushoto, kushoto, kushoto tu.

Alhamisi nikahisi mimi mwenyewe nimekaa nimeegemea kushoto. Nikapapasa tandiko. Chini ya ile ngozi ya kondoo, upande wa kulia, kulikuwa na kitu kimevimba. Nikasema leo nimemshika! Nikachukua wembe nikakata mishono, ili nikamwonyeshe baba mdogo mbele ya Mama.

Zilikuwa nyuzi za nyavu, Baba, mafundo mawili mawili. Hakuna mwingine Kendu Bay aliyeshona hivyo ila wewe. Ndani, vipande vitatu vya sponji ya godoro, kimoja juu ya kingine. Cha chini kimekuwa cheusi, kimesagika. Cha juu bado kipya.

Ulituambia nyonga ya kulia ilianza kuuma wiki ile ile ya hospitali. Muongo wewe. Uliumia muda gani, ukiegemea kushoto na kumzoesha farasi kuegemea nawe? Na kila nilipotaka uzunguke kulia, uliniambia, "Nyara, binti yangu, upande ule jua linaniumiza macho." Mimi binti yako, ninayemshuku kila mtu, sikukushuku wewe.

Niliitoa sponji yote. Ijumaa, jaribio la tatu, Rateng' akatanguliza kulia na kuzunguka ua mzima. Nilimpa kipande cha muwa, nikalia shingoni mwake. Baba mdogo alikuwa anatazama. Alimpigia mtu wa Osiri simu, akamwambia asije. Nikamwomba msamaha. Akauliza msamaha wa nini, nikamwambia we pokea tu.

Lala, Baba. Rateng' hauzwi nikiwa hai. Na wewe nitakusamehe, nakuahidi, ila si wiki hii.

Binti yako