Koti la Bosi Lina Lebo Nyekundu

Mwenzangu, huyu binti yangu hana aibu, hana subira, na kesho huenda hana kazi!

Si unajua yeye ni mkaguzi kwenye kiwanda cha ndege? Kipande kibovu lazima akifunge lebo nyekundu. Leo kaona ufa kwenye kipande cha bawa. Bosi wake, kwa kuwa wanunuzi wako mlangoni, akaufunika kwa koti lake. Koti!

"Bosi, lebo lazima ionekane."

"Hebu niondolee balaa, wageni hao!"

Basi binti akaifunga kwenye koti lenyewe. Mgongoni!

Wageni wakapita bila kukitazama kipande. Bosi roho ikatulia, akalivaa koti lake, akatangulia kuwapeleka wakasaini mkataba. Nyuma yake mgeni mmoja akasoma kwa sauti: "KISITUMIKE. KINA UFA."

KINA UFA, ndugu yangu! Mgongoni mwa bosi!

"Toa kitu hiki!"

"Siwezi, bosi. Lebo haitoki bila barua ya mkaguzi."

"Barua iwe mezani kwangu kesho asubuhi, la sivyo usirudi!"

Wageni nao wakang'ang'ania kukiona hicho chenye ufa. Wakaonyeshwa.

Sasa hivi hapa nyumbani kaiandika hiyo barua, mimi nimesahihisha nukta tu: "Koti limekaguliwa, ni zima. Bawa lina ufa. Aliyevaa koti bado anakaguliwa."

Mama yake kajishika kichwa. "Futeni huo mstari wa mwisho!"

Binti anacheka mpaka machozi. "Funga bahasha, baba."

Nimeifunga. Mwenye pikipiki ameshaondoka nayo.