Kwa Nini Sijawauza Kuku wa Mama

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na wale pacha, mafua yamewaachia? Sisi huku ni wazima, ila mgongo wangu unalalamika kwa hizi sare za shule ninazoshona. Mama anaendelea vizuri. Mkono wa kulia bado haushiki, na maneno bado yanamtoka moja moja, lakini akili ni ile ile, na ukali pia.

Kwenye simu uliniuliza kama nimeshawauza kuku wake ili apumzike, nikakukwepa. Simu ilikuwa inakatakata, na Mama alikuwa pembeni. Acha nikueleze sasa kwa utulivu.

Unajua tangu tukiwa wadogo hakuna aliyechinja kuku hapa isipokuwa Mama. Alipopata kiharusi, kazi hiyo ikamwangukia shemeji yako. Mume wangu ukimpa bomba lililopasuka atalinyamazisha, lakini kuku ni habari nyingine. Siku moja tulipata wageni, akamkimbiza jogoo uani mpaka ndoo zikapinduka. Alipomkamata, wote wawili walikuwa wanahema. Kisu chenyewe ni kile cha kukatia nyanya. Sitakueleza yote. Jogoo alimponyoka shingo ikiwa imekatwa nusu, akazunguka mbele ya kuku wenzake, damu ikaruka hadi kwenye nguo nilizoanika.

Mama alikuwa dirishani. Alitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Nilimkuta ameshika nondo ya dirisha kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtiririka.

"Si hivyo," alisema. "Si... hivyo."

Mchuzi hakuugusa. Shemeji yako naye hakula. Alikaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba akiangalia viatu vyake, nikakosa hata moyo wa kumsema.

Hapo ushauri wako nikauona wa maana. Nikamwambia Mama tuwauze tu. Akauliza, "Huyo mnunuzi... atawachinjaje?"

Kweli watachinjwa tu, Kasuku, kwetu au kwa mwingine. Kuwauza kungetuondolea kuona, basi. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikashona nalo kutwa nzima. Mwisho nikamwomba anifundishe.

Usicheke. Mimi ninayekata vitambaa kila siku nilikuwa naogopa kisu. Mama alikunja kipande cha kitambaa kikawa mfano wa shingo, akachukua chaki yangu, akachora mstari kwa ule mkono wake wa kushoto: hapa, chini kidogo ya taya. Akanifanya nirudie na kurudia mpaka mkono ukaacha kusitasita. Kisu nilikinoa mwenyewe. Kila nikimpelekea, anakijaribu kwenye uzi na kunirudishia. "Bado." Nanoa. "Bado." Ilifika mahali nikanuna kama mtoto.

Tulimchagua jogoo mwekundu tuliyempa jina la Meneja kwa jinsi alivyowasumbua wenzake. Majike alikuwa ameshawachuna migongo. Jioni hakupewa chakula, maji tu. Kulipoanza kupambazuka, kabla hawajachangamka, niliingia bandani taratibu nikambeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Hakutoa hata sauti. Nikaenda naye nyuma ya ukuta, wenzake wasione.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Tulimviringisha Meneja kwenye taulo, Mama akampakata. Kwa mkono wa kushoto alimfunika macho na kumnyoosha shingo. Ule wa kulia, usioshika kitu, akaulaza juu ya mbawa zake, ukamtuliza kwa uzito wake tu. Alikuwa anamnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia. Tangu augue sijamwona akiwa ametulia vile.

Nikataja jina la Mungu, nikakata. Mara moja tu. Hatukumtupa chini apapatike. Tulimshika hadi uhai ukamwisha kabisa.

Halafu mimi ndiye niliyeanza kutetemeka. Mama akavuta beseni, akaninawisha kidole kimoja kimoja.

"Vizuri... ukitetemeka," alisema. "Siku usipotetemeka... acha."

Sijui kama neno hilo nimelielewa lote, lakini silisahau. Nimekula nyama maisha yangu yote bila kuwaza. Mchana ule tulikula taratibu, si kwa huzuni, ni kama watu wanaokula kitu wanachokijua. Mama alimaliza sahani yake akaomba shingo. Shemeji yako, aliyepewa kazi ya kunyonyoa, alinisifu kwa sauti ndogo. Sasa anapima vipande vya bomba nene, anasema atatengeneza kitu cha kumtuliza kuku asihangaike. Tumwache.

Kwa hiyo siwauzi, mdogo wangu. Najua ulitaka Mama apumzike, na nia yako ni njema. Lakini asubuhi ile hakuwa mgonjwa wetu; alikuwa Mama, na mimi nilikuwa nafanya anachosema.

Nisalimie sana wifi, wabusu pacha, waambie shangazi yao anawashonea. Shemeji yako anakusalimu, na wanangu wanauliza mjomba atakuja lini. Mungu awalinde huko mliko na awape afya.

Mama amekaa hapa pembeni, ananisubiri niandike na neno lake. Anasema ukipiga simu usimuulize tena kama amepumzika. Umuulize leo amefanya nini.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Dada yako, fundi.