Askari Mwenye Sura Yako

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha uchapaji,
Jumapili, jua likichomoza.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko ugenini? Kifua kimepona? Sisi wazima, na mimi nazidi kupendeza kila siku, ugonjwa usio na dawa.

Kaka yako sasa ni msanii mkubwa. Shule niliiacha njiani, lakini katuni zangu wanazisoma hadi madaktari. Ni hadithi ya miaka mia ijayo: vita vimeuzwa kwa makampuni, yanapigana mawinguni, na watu wamekaa mbele ya runinga wakipiga kura nani afe.

Sasa sikia. Askari mkuu nilimpa sura yako, mpaka hilo sikio lako kama bawa. Sikukusudia, mkono ulikukumbuka wenyewe. Wasomaji nao wakapiga kura afe, na mhariri akaniamuru nimuue toleo hili.

Mama akanikuta nachora bunduki ikikulenga. Tangu uajiriwe na hiyo kampuni ya ulinzi mpakani, anasoma katuni zangu kama taarifa ya habari. Alishaniuliza mbona humo umekonda. Nikamtania kwamba wino hauui mtu. Hakucheka.

"Usimzoeshe mwanangu kufa," akasema, akatoka.

Nikasinzia mezani. Nikaota mawingu yameshuka mpaka dirishani, nawe umekaa juu ya moja, umevua buti, unashona kifungo. Nilipoamka nikakuchora hivyo hivyo, kisha nikaongeza: katikati ya vita linaingia tangazo la sabuni, risasi inasimama hewani ikingoja liishe, na haliishi. Kurasa nzima ni povu. Maadui wanafua sare pamoja, wanazianika juu ya bunduki. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile, na unajua mimi si mtu wa kujisifu.

Mhariri kasema nimelewa, hachapi. Nikamwambia atafute mkono mwingine kama huu. Kautafuta, kaupata siku hiyo hiyo.

Lakini ndugu yangu, huko uliko penseli yangu haifiki. Mama kaniambia mkataba wako unakwisha na kampuni inakubembeleza uongeze. Utani pembeni: usiongeze. Rudi. Kitanda kipo, mimi nitalala chini. Kazi tutatafuta wote wawili, maana ukirudi sote hatuna.

Nisalimie yule mpishi anayekujazia sahani. Shangazi anakusalimu, na Mama aliniambia nimwachie nafasi hapa aandike lake, kisha akaenda kukutandikia kitanda. Mungu akufunike vizuri, hata miguu.

Wako akupendaye, kazini au nje ya kazi,
Kaka yako, Mkono wa Dhahabu