Ulichomficha Mama Kimetokea Ukutani

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne jioni.

Mpendwa kaka Waya,

Hujambo? Safari hii nauliza kwa kutaka kujua hasa, si kwa kujaza mstari. Umelalaje? Chakula kinapita? Sisi huku wazima wa mwili. Mtoto ameota jino la pili na ameamua kwamba kulala ni kazi ya watu wengine, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, jua nimempakata. Shemeji yako naye mzima, anapiga randa tu mbao zake.

Ngoja nikupe habari kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho nitakutukana, na mgonjwa hatukanwi.

Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu ya mapokezi, pale zahanati ninapofanya kazi, uliyonielekeza niiwekee mfumo wa Linux ili ionyeshe namba za foleni kwenye runinga ya ukutani. Nilifuata karibu kila ulichosema. Niliipanga isilale, isizime kioo, isiulize nenosiri. Ikiwaka tu, ijifungulie yenyewe, irudishe kila kilichokuwa wazi, na namba zijaze skrini nzima. Kibodi na kipanya nikavichomoa, nikavifungia kabatini watoto wasivichezee. Hata umeme ukikatika, ukirudi inaamka bila kumsumbua mtu. Msimamizi alinisifu mbele ya manesi wote, nikatembea siku nzima kama vile nimeiunda mimi.

Jambo moja lilinipita. Zile amri zako ndefu ulinitumia kwa meseji, na kwa macho haya ya kukesha nisingeweza kuzichapa bila kukosea. Nikafungua meseji zangu humohumo kwenye ile kompyuta, nikanakili, nikabandika. Kazi ikaisha, mtoto akalia, nikaondoka. Meseji sikuzifunga. Zikabaki nyuma ya zile namba, zimetulia.

Leo asubuhi Mama alimleta mjukuu wake kuchanjwa. Alikaa benchi la mbele, miwani puani, anatazama namba kama wenzake. Ukumbi umejaa. Kengele ikalia, na kwenye pembe ya skrini kikachomoza kiboksi chenye jina lako: "Mdogo wangu, nilikuficha. Nimelazwa. Ule uvimbe wa shingoni wanautoa Alhamisi." Sijavuta pumzi, kikaja kingine: "Sijui kama nitaamka na sauti. Mama asijue kabisa."

Kaka! Herufi kubwa kama ngumi! Na mimi ndiyo kwanza nayajua, pamoja na ukumbi mzima.

Mjamzito mmoja akayasoma kwa sauti, kumsaidia jirani yake asiyeona vizuri. Jirani akauliza, "Huyo Mama ndiye nani?" Akajibiwa, "Hayupo hapa, nadhani ni tangazo la dawa ya koo."

Nikakimbia. Ufunguo wa kabati anao msimamizi, na msimamizi yuko mkutanoni. Runinga iko juu, siifikii hata kwa kiti. Nikachomoa waya wa kompyuta. Giza. Nikashukuru. Kumbe mlinzi, mtu mwema yule, amepita nyuma yangu akauona waya sakafuni, akauchomeka. "Ulikuwa umechomoka, dada, nimekuwekea." Basi kile kidude kikaamka chenyewe, kikajifungulia chenyewe, bila nenosiri wala haya, sawasawa na ulivyonifundisha, kikavitoa viboksi vyako upya, na cha tatu juu yake: "Usimwambie. Ataacha kula."

Ndipo nilipothubutu kumtazama Mama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa, akasoma tena tangu mwanzo. Kisha akasema, "Ndiyo maana siku hizi kila picha ana skafu." Nesi akaita namba yetu. Mama akainuka, akamshika mtoto achomwe sindano, akambembeleza mpaka akanyamaza. Yeye mwenyewe hakulia mpaka tulipovuka geti. Hapo akaniambia, "Nimemzaa mimi, halafu anayeniambia ni ukuta?"

Jibu la hilo unalo wewe?

Tumekupigia mchana kutwa, simu imezimwa. Tukampigia rafiki yako unayekaa naye, akapokea, akatutajia hospitali na wodi. Sasa nakwambia kwa upole, lakini nakwambia: usirudie tena. Nina mtoto anayeamka kila nikifumba macho, na bado nafasi ya kukuogopea ninayo. Usiniamulie. Na Mama hajaacha kula. Alikula mchana akamaliza sahani, huku amenikazia macho, ili nije nikuandikie hivyo.

Meseji nimezifunga. Nimefungua akaunti mpya isiyo na kitu ndani, ya ukutani tu, kama ulivyosema tangu mwanzo nami nikaona unajivuna. Msimamizi amenionya, nimepokea. Tatizo ni wagonjwa. Yule mjamzito ameshaniambia Ijumaa atapita kuuliza umeamkaje, na mlinzi anakuombea kama ndugu yake, maana anajiona na hatia ya waya.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukirudi utakuta kiti chenye mahali pa kuegemeza shingo. Shangazi anakusalimu. Mjomba wako wa kufikia, yule mcheshi, anasema hata sauti ikipotea afadhali, nyimbo zako za bafuni zilimchosha. Baada ya kusema hivyo alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Mtoto anakusalimu kwa mate, doa lake ni hilo hapo juu. Mungu akushike mkono wakati wa kulala na wakati wa kuamka, na sauti yako aturudishie, hata ikiwa ya kukwaruza.

Salamu za Mama sijaziandika. Nilitaka, akakataa, akasema yeye hahitaji karani. Nilichomwomba ni akupe bahasha hii kwanza, maana anajua akifungua kinywa tu atalia, na wewe ulipaswa ujue amejuaje. Kunja karatasi sasa, kaka. Huyo aliyekukabidhi amesafiri usiku kucha na bado amesimama. Mpe kiti.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Kifaranga.